Barua za Kunitaja

Nilipoamka, jua lilikuwa pale pale nilipoliacha.

Utasema hilo si ajabu, mtu hujinyoosha kidogo mchana akaamka jua halijasogea. Ngoja. Mimi nilikuwa nimelala usingizi wa usiku mzima, usingizi wa kukoroma na kugeuka ubavu mara tatu, na jua lilikuwa limesimama juu ya ghala la pamba kama jogoo aliyesahau kushuka. Lilikuwa limesimama hapo tangu tulipomuua Wande. Nasema tulipomuua, ingawa mkono wangu haukuwamo, kwa sababu nilikuwepo, na aliyekuwepo ni mmoja wa waliokuwepo.

Tangu hapo usingizi ulihama kijijini. Watu walijilaza, wakafumba macho, macho yakafumbuka yenyewe. Na kwa kuwa hakuna aliyelala, kesho haikupata pa kuingilia. Nimeliwaza sana jambo hili, mimi mwenye madarasa matatu tu, nikaona hivi: kesho haiji kwa jua. Kesho huja kwa mtu kulala akaamka. Mkikesha wote, siku inabaki moja, inarefuka kama kamasi ya mtoto. Tulikuwa ndani ya leo moja, mahindi hayakui, mimba hazisogei, na aliyekuwa katikati ya kuapa alikuwa bado anaapa.

Mimi peke yangu nililala, na mtu mmoja hatoshi kuiita kesho. Sababu yake haikuwa dawa. Wande alikuwa jirani yangu, mjane, msuka nyungo, na alitajwa kwa sababu ndama watatu walizaliwa wamekufa. Sheria ya kwetu ni kwamba mchawi haliliwi: hana matanga, hanyolewi nywele, jina lake halitamkwi tena. Mimi nilikaa sakafuni nikamlilia mpaka machozi yalipokwisha, nikanyoa nywele zangu, nikapika uji wa msiba nikaunywa peke yangu. Nilipomaliza kulia nikasikia usingizi. Ni hivyo tu. Wenzangu waliyameza machozi yao, na chozi likimezwa halishuki tumboni. Hukaa nyuma ya jicho, likalizuia lisifumbike.

Wao waliona vingine. Waliona kwamba penye njaa ya wote, aliyeshiba ndiye aliyekula. Shija, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alisema ananisikia nikikoroma, na kukoroma kwangu kukawa ushahidi. Nimekoroma tangu nikiwa mwari. Marehemu mume wangu alikuwa akiwaambia watu kwamba alipeleka ng'ombe kumi na wawili akaletewa mashine ya kukoboa. Wakati ule watu walicheka.

*

Basi Kwilasa, mkuu wa kijiji, akatangaza kutaja mchawi.

Niulize nimetajwa mara ngapi. Mimi nimeishi humu katika majina mengi. Niliwahi kunyweshwa mwavi, zamani za mtemi aliyekuwa na ngoma kubwa kuliko nyumba yangu. Sheria ilikuwa nyepesi: ukitapika huna hatia, usipotapika unakufa, na kufa kwako ndiyo ushahidi. Nilikufa. Nikazaliwa, nikawekewa shoka lililolala motoni mpaka likawa jekundu, nikaambiwa nililambe, ulimi wa mwenye haki hauungui. Uliungua. Nionyesheni ulimi usioungua. Nikazaliwa tena, wakaja wageni wenye kofia ngumu, wakaandika sheria kwamba uchawi haupo na anayeufanya atafungwa. Nikafungwa kwa kitu kisichokuwepo, nikala uji wa gereza uliokuwepo. Nikazaliwa, wakaja wenye wembe. Walininyoa hadharani, wakanichanja kifuani, wakanipaka unga, wakasema sasa uchawi wangu umekauka, nirudi nikae vizuri na watu. Nilirudi. Nani alikaa vizuri na mimi?

Njia hubadilika. Anayeletwa ni yule yule: mwanamke aliyezidi kuishi. Mume amekwenda, uzao umekoma, shamba bado analo, na ulimi wake hauna tena wa kumwogopa. Halafu wanamtazama macho. Macho yangu ni mekundu, sikatai. Kuni zilikwisha kwetu kabla sijaolewa, kwa hiyo maisha yangu yote nimepuliza moto wa mavi ya ng'ombe makavu, na moshi wake unauma kama siafu. Kila jicho jeupe kijijini kwetu limekuzwa kwa uji uliopikwa na jicho jekundu. Sioni haya. Wengine wana vyeti ukutani, mimi vyangu viko usoni.

Lakini kuna swali nililotembea nalo katika maisha hayo yote, kama mtu aliyebeba mtungi asioujua ni wa nani. Mchawi yuko wapi kabla hajatajwa? Mtoto yuko tumboni kabla ya kupewa jina, mvua iko winguni. Mchawi sikumwona popote. Nimeona anazaliwa mdomoni mwa mtu, mkubwa tayari, mwenye meno. Basi ana mzazi. Na mzazi huyo, tangu mwavi mpaka wembe, sijawahi kumwona uso. Jina hudondoka kutoka kwenye umati, na umati hauna baba wala mama. Ukigeuka kuuliza nani kasema, unakuta migongo.

*

Safari hii Kwilasa alitaka haki. Sina utani, alikuwa mtu wa kupenda haki, au tuseme alipenda kuonekana nayo, kama kofia. Akasema kunyoosheana vidole kumeleta ugomvi wa koo, kwa hiyo tutataja kwa karatasi. Kila nyumba karatasi moja. Hakuna atakayejua nani kamtaja nani. Atakayepata karatasi nyingi ndiye. Na hukumu itakuwa ile ya desturi: kila aliyetaja atakwenda kunyofoa nyasi za paa la aliyetajwa kwa mkono wake, na nyumba ikishabaki mifupa, mwenyewe apigwe mawe.

Kijijini tulikuwa wawili tu tuliojua kusoma na kuandika. Wa kwanza ni mimi. Wa pili ni mwanangu Luhende, niliyemfundisha kwa kijiti cha mkaa, naye akawa karani wa kijiji. Kwilasa akaamuru karani ndiye atakayesoma. Na ili asije mtu kusema karani amechakachua, akaweka sheria tatu, watu wote wakazipigia makofi: msomaji asiandike, mwandishi asisome, na kila karatasi isomwe kuanzia kichwa mpaka mkia bila kurukwa neno.

Ndipo mmoja akauliza, sasa nani atatuandikia?

Na nyuso zote, thelathini na saba, zikanigeukia.

Usiwacheke. Miaka arobaini walikuwa wananiletea barua zao. Barua kwa mtoto aliyekwenda machimboni, barua kwa mkwe, barua kwa hakimu. Kwao kuandika ni kwenda kwa Nyamizi, ndiye mimi, kama kusaga ni kwenda mashineni, na mtu hajiulizi mashine inawaza nini. Hakuna aliyeona kasoro. Luhende aliiona. Nilimwona akitazama viatu vyake.

Mimi nikasema sawa, waje mmoja mmoja, waje na karatasi.

*

Sasa lazima nikueleze elimu yangu ilivyo, maana ndiyo chanzo cha yote. Darasa la tatu mwalimu alitufundisha barua. Tulipomaliza barua, nikatolewa shule nikalee wadogo zangu. Kwa hiyo kitu ninachojua kuandika hapa duniani ni barua. Sijui orodha, sijui risala, na hiyo karatasi ya jina tupu sikuifikia. Barua ina inakokwenda, ina salamu, ina hali, ina dhumuni, na chini ina mwenyewe. Mwalimu alisema barua isiyo na mwenyewe ni takataka iliyoletwa na upepo, na kwa kusahau jina chini alichapa fimbo mbili za miguuni. Sijasahau tena.

Shija alikuja wa kwanza. Mimi ndiye niliyempokea alipozaliwa, na watoto wake wanne nimewapokea mimi. Akakaa kwenye kigoda cha wageni, akautazama mlango.

Nikamuuliza barua inakwenda kwa nani. Akashtuka kidogo, akasema, basi iende kwa kijiji. Nikaandika: Kwa kijiji changu kipendwa. Nikauliza salamu. Akasema wasalimie. Nikauliza hali ya nyumbani, akanieleza kwa kirefu, kama anavyonieleza siku zote: yeye hajalala, mume hajalala, na kitinda mimba macho yanamng'aa kama bisi. Nikaandika yote. Nikauliza dhumuni.

Akaanza kuchora sakafu kwa kidole cha mguu.

"Bibi, si unajua mwenyewe."

"Mimi najua. Kalamu haijui. Iambie."

Akainama mpaka mdomo wake ukawa karibu na mkono wangu, akaiambia kalamu jina langu, polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Nikaandika. Nikamuuliza anataka aseme amejuaje, akasema kwa kukoroma. Nikaandika kukoroma. Halafu nikamuuliza mwenye barua ni nani, naye akajibu bila kufikiri, maana swali hilo huulizwa kila akija: Shija binti Lutonja. Nikampa masizi ya sufuria, akachovya dole gumba, akagandamiza. Alipotoka alikumbuka kuniachia viazi vitatu, kwa ahsante.

Wakaja wote. Wengine wanawake wenzangu wa kulima, wengine watoto niliowazikia vitovu. Mzee mmoja hakutaka kulitaja jina, alitaka niandike yule mama wa upande wa magharibi. Nikamwambia upande wa magharibi tuko wanne, achague. Mwingine akasema ameniona nikiruka na ungo. Nikamuuliza ungo mkubwa wa kupepetea au mdogo wa kufunikia chakula, ili niandike sawasawa. Akafikiri sana, akasema mdogo. Nikaandika mdogo, ingawa nilijiuliza nilikaaje. Wote niliwauliza jina, wote walijibu, wote walichovya masizi. Hawakudanganywa. Waliulizwa wewe ni nani, wakasema.

Na nikuambie ukweli wangu, kwa sababu sijakaa hapa kujipamba. Katikati ya kazi ile mkono ulisimama. Aliyekuwa mbele yangu hajui herufi. Ningeweza kuandika jina lolote. Kuna bibi mwingine, Ng'washi, kiwete, hana mtoto wala mjukuu, wa kumlilia hakuna. Niliiona njia ile. Ni pana, imekanyagika vizuri, ina nyayo nyingi za wanawake waliopona kwa kumsukuma mwenzao mbele. Katika baadhi ya maisha yangu ya nyuma nadhani niliipita. Wino ukakauka kwenye ncha. Nikailamba kalamu, nikaandika jina langu, na nikaliandika kwa mwandiko mzuri, herufi zimesimama kama askari. Kama nitauawa na jina hili, basi lisomeke.

*

Luhende alikuja kwa mlango wa jikoni. Yeye si mtu wa maneno. Alisimama na mkono wake kwenye kizingiti cha juu, ambacho zamani alikuwa akikirukia bila kukifikia. Akasema ameona foleni. Akasema hahitaji kuambiwa wamesema nini. Kisha akanieleza alichokuwa amekipanga: asomapo, hakuna mwingine ajuaye herufi ila mimi. Karatasi itasema Nyamizi, mdomo utasema vingine.

Nikamuuliza utasema nani. Jibu lake lilikuja likichechemea. Ng'washi, akasema.

Nilimvuta mkono akakaa. Macho yake yalikuwa makavu, mekundu kuliko yangu, na yangu ni ya miaka. Nilitaka kumkumbatia. Nilimwambia kwanza.

"Luhende, nimetajwa katika maisha yote niliyoishi, na sijawahi kuzaa mchawi. Ukilisoma jina la yule bibi, utakuwa wa kwanza."

"Watakuua, mama."

"Ndiyo. Lakini watakuwa ni wao. Wewe soma kilichoandikwa, kichwa mpaka mkia, kama ulivyoapishwa. Usiongeze wala usipunguze."

Sikumweleza karatasi zina nini, maana sheria ilisema mwandishi asisome, na mimi sheria naishika hata inaponishika. Akaondoka bila kuaga.

Wa mwisho alikuja Kwilasa mwenyewe, amevaa kofia, ameshika fimbo yenye kichwa cha shaba. Alikataa kigoda, akataka kiti cha mgongo. Akaniambia niandike vizuri, maana hii itasomwa mbele za watu. Nikamuuliza yote ninayowauliza wote. Dhumuni alilisema haraka na kwa maneno ya mkutano: kwa ajili ya usalama wa wananchi anamtaja Nyamizi. Nilipofika kwa mwenye barua akajitengeneza. Kwilasa mwana wa Mhoja, akasema, mwana wa Mhoja aliyekuwa mlinzi wa ghala, mkuu wa kijiji, mwenyekiti wa mifugo. Akaniuliza kama vyote vimeenea. Nikamwambia vimeenea, nikamtajia vyote tena kwa kichwa bila kusoma karatasi, akatikisa kichwa kwa furaha. Mtu anayependa jina lake hawezi kuliacha nje ya karatasi.

Alipotoka ikabaki karatasi ya nyumba yangu. Mimi pia ni nyumba. Nikaandika barua yangu, nikagandamiza dole langu.

*

Walikusanyika uwanja wa mnada. Jua pale pale. Vivuli vimekaa chini ya miguu ya watu kama mbwa waliochoka. Karatasi ziliwekwa kwenye debe la kupimia mahindi, na Luhende akasimama kando yake. Mimi niliwekwa mbele, kwenye mkeka, peke yangu. Nilikuwa nimevaa khanga zangu nzuri, pea nzima, ambazo nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya kuzikwa. Nilikaa mgongo umenyooka. Mtu akifa ameinama, wanasema alikiri.

Mwanangu akachukua ya kwanza. Akaifungua. Nikaona macho yake yakienda chini mpaka mwisho wa karatasi, yakarudi juu, yakanitazama. Halafu akasoma, sauti ya karani, kavu.

"Kwa kijiji changu kipendwa. Salamu nyingi. Natumai hamjambo. Sisi nyumbani hatujalala, na kitinda mimba wangu macho yanamng'aa kama bisi. Dhumuni la barua hii ni kumtaja Nyamizi, aliyenipokea nilipozaliwa, kwamba amekula usingizi wetu. Nimejua kwa kukoroma. Ni mimi, Shija binti Lutonja."

Hayo ya kumpokea sikuyaongeza mimi. Aliyasema mwenyewe wakati wa hali ya nyumbani, kwamba mtoto yule nilimtoa akiwa ametanguliza miguu, na yeye mwenyewe alitoka vivyo hivyo. Nami nilikwambia niliandika yote.

Watu hawakunitazama mimi. Ndicho kitu ambacho katika maisha yangu yote sikuwahi kukiona. Walimgeukia Shija. Aliyekuwa karibu naye alijisogeza kidogo, kama mtu anayepisha maji.

Luhende akachukua ya pili. Huyu alikuwa mwenye ungo. Ungo mdogo wa kufunikia chakula, akasoma Luhende, na kwa nyuma mtu akacheka bila kutaka. Ni mimi fulani mwana wa fulani. Ya tatu. Ya nne. Kila jina langu likitajwa, jina jingine lilikuja nyuma yake likasimama. Ilipofika ya kumi mtu akaanza kusema hiyo si yangu, na Luhende akaigeuza karatasi akaonyesha dole la masizi. Wakajitazama mikono. Masizi ya sufuria hayatoki upesi, na tangu waniondokee hapakuwa na kesho ya kunawa.

Kwilasa akainua fimbo. Akasema inatosha, matokeo yanajulikana, tusichoshe wananchi, karani aruke mpaka majumlisho. Hapo ndipo niliposema neno langu la kwanza uwanjani.

"Kichwa mpaka mkia, Mheshimiwa. Ulisema mwenyewe na tukakupigia makofi."

Hakuna aliyemtetea. Nadhani wale waliokwisha kusomwa walitaka na wengine wasomwe. Luhende akasoma zote thelathini na sita, na ya thelathini na saba ilikuwa ya mwana wa Mhoja aliyekuwa mlinzi wa ghala, pamoja na vyeo vyake vyote, na ilichukua muda.

Chini ya debe ikabaki moja. Luhende aliujua mwandiko, lakini miandiko yote ilikuwa ya kwangu, kwa hiyo hakujua ni ya nani mpaka alipofika katikati. Aliisoma polepole. Ilisema: Kwa kijiji changu. Salamu. Mimi ni mzima, nalala. Dhumuni la barua hii ni kumtaja Wande. Alikuwa jirani yangu. Alisuka nyungo zilizomo katika nyumba zenu hivi sasa. Alikuwa na woga wa radi, na alikuwa akiimba vibaya. Tulimuua mlangoni kwake. Ni mimi, Nyamizi binti Kalunde.

Jina lile halikuwa limetamkwa tangu jua liliposimama. Lilipita juu ya watu kama kitu chenye mabawa ambacho hakijui pa kutua.

*

Kwilasa alikuwa mtu wa utaratibu. Alijipangusa jasho, akasema Nyamizi amepata thelathini na saba, na desturi ni desturi. Waliotaja waende wakanyofoe paa.

Kwa Wande walikuwa wamekwenda wote kwa pamoja, kwa kishindo, na vumbi likapanda. Vumbi linasaidia sana. Ndani yake mkono hauna mtu. Safari hii hakuna aliyekimbia, kwa hiyo vumbi halikupanda, na Kwilasa, kwa kuwa hakuna aliyetoka, akafanya kitu alichodhani ni cha busara. Akamwamuru karani awaite mmoja mmoja kwa barua zao.

Luhende akaita. "Shija binti Lutonja."

Nyumba yangu ilionekana kutoka pale, nyasi zake za kijivu, mlango wazi. Palikuwa na hatua kama sitini za kutembea peke yako ukiwa na jina lako mgongoni, ukafike, ukainue mkono, ukanyofoe nyasi moja, watu wote wakikutazama. Shija hakwenda. Alikuwa ameyatazama masizi kwenye dole lake na hakuinua uso.

Akaita wa pili. Akaita wa ungo. Akaita wote, sauti ile ile kavu, bila kukosea, na kila jina lilidondoka likakaa chini kama jiwe lililokataa kurushwa. Mwisho akamgeukia Kwilasa akamwita naye kwa vyeo vyake vyote. Kwilasa alipiga hatua mbili. Mimi nilikuwa namtazama. Sikumtazama kwa hasira wala kwa ombi. Nilimtazama kama unavyomtazama mtu unayejua jina lake. Akasimama, akavua kofia, akajipepea, akasema joto limezidi, mkutano umeahirishwa.

Hawakunisamehe, maana sikuwa na kosa. Wala mimi sikuwasamehe, maana hakuna aliyeniomba. Nilinyanyuka mwenyewe, magoti yakalia, nikaukunja mkeka wangu, nikapita katikati yao, wakanipisha. Nikaenda nyumbani kwangu chini ya paa langu. Luhende alinifuata nyuma, na alipofika ndani akakishika kizingiti kile akalia kwa sauti, nakwambia, akamlilia Wande na akanililia mimi niliye hai. Nikamwacha alie. Hiyo si kazi ya kumfanyia mtu.

Nilikuwa nachochea moto aliposimama mtu mlangoni. Alikuwa Shija, na karatasi.

Nilimwonyesha kigoda. Nikachukua kalamu. Nikamuuliza kama ninavyouliza wote, inakwenda kwa nani.

"Kwa Wande," akasema.

Nikaandika. Akaniambia nimsalimie. Nikauliza mwenye barua ni nani, maana safari hii nilitaka hilo litangulie dhumuni, naye akalisema jina lake, lake na la baba yake, sauti yote. Akaweka kichwa chake kwenye ukingo wa meza ili awaze dhumuni. Akaanza, nakuandikia barua hii. Machozi yalimtoka kimya kimya, yakalowanisha mbao. Akasema tena, nakuandikia. Nikangoja. Pumzi yake ikawa ndefu, ikawa nzito, mdomo ukafunguka kidogo kama wa mtoto, na mwanga pale mlangoni ukaanza kugeuka rangi ya chai.

Ningeweza kuimalizia. Nilijua alichotaka kusema, miaka arobaini nimewasikia. Lakini siandiki ambalo mtu hajasema. Nikamfunika khanga mabegani, nikaweka kalamu chini, nikakaa kumsubiri aamke.